Madoa ya Ndago katika Majaruba ya Kiberege

Safari iliyonifikisha Ifakara ilianzia Sumbawanga, na Ifakara haikuwemo kwenye mpango. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina cheti kisichomshangaza mtu na miguu isiyotulia. Nikabeba mizigo Tunduma, nikakausha tumbaku Chunya, nikapasua mbao Mafinga mpaka vumbi la msumeno likahamia kifuani. Siku nilipochoka kukohoa nikaenda Makambako, nikakata tiketi ya treni ya Dar es Salaam, kwa sababu kila mtu niliyemjua alikuwa na ndugu Dar isipokuwa mimi, na nilitaka kuona huko kuna nini.

Treni ilisimama kila mahali palipo na kituo na mahali pengine pasipo na kitu. Kisha ikaanza kuteremka. Mahandaki yakafuatana, giza, mwanga, giza tena, na kila tulipotokea upande wa pili joto lilikuwa limeongezeka. Watu wakavua makoti, baadaye masweta. Mlimba wakaingia akina mama na ndizi na samaki wakavu, na baada ya hapo bonde likafunguka. Kijani kilikwenda mpaka pale milima ya Udzungwa inapoinuka ghafla kama ukuta wa nyumba. Nikamwuliza jirani yangu kama yale yote ni majani. Akanitazama kwa huruma, akasema, "Ni mpunga, ndugu yangu. Majani yapo humo humo. Ukiwa mkulima utayaona."

Ifakara nikashuka kununua muhogo wa kuchoma. Kwenye jukwaa mzee mmoja mfupi, mwenye kofia ya kitambaa, alikuwa akibishana na wapagazi juu ya makasha mawili makubwa. Akaniona nimesimama na muhogo wangu.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Una kazi?"

"Nina tiketi."

"Sikukuuliza tiketi."

Nikabeba kasha moja mpaka nje, nikarudi kubeba la pili, na treni ikaondoka. Ndani ya makasha kulikuwa na mabomba mapya ya kupigia dawa ya magugu. Mzee yule ndiye Matimbwa, kiongozi wa kikundi cha wapiga dawa katika skimu ya umwagiliaji ya Kiberege. Hivyo ndivyo nilivyochagua kazi ya maisha yangu.

Ninyi mliobaki kwenye kikundi mnanicheka kwamba mtu wa miaka arobaini na kitu hawezi kustaafu. Mpiga dawa anaweza. Mgongo unastaafu kwanza, wewe unafuata. Mmeniomba niandike tulivyofanya kazi, nami naandika kwa haraka kwa sababu bado ninayo yote kichwani, na ule msimu wa ndago ndio ninaoukumbuka kuliko yote.

Siku yangu ya kwanza sikugusa dawa. Mzee alinivalisha buti zilizonizidi, akanipa bomba lenye maji matupu, akanipeleka kwenye barabara ya vumbi kule Lipangalala, mbele ya nyumba za watu. "Tembea," akasema. Nilitembea nikipiga maji barabarani huku wanawake waliokuwa wakianua nguo wakiniuliza kama nimetumwa na serikali kutuliza vumbi. Maji yalipoanza kukauka Mzee akanionesha: hapa pamelowa sana, hapa pamebaki pakavu, hapa uligeuza shingo kumwangalia yule dada wa kanga nyekundu. Vumbi lilikuwa limeandika kila kosa. Ukikimbia, gugu linabaki. Ukizubaa, mpunga unaungua. Mzee alipima mwendo kwa wimbo wa kanisani aliouimba kimoyomoyo. Dulla, mwenzetu aliyekuwa Muislamu na mtu wa masihara, alitumia wimbo wa timu yake ya mpira, na timu ikifungwa mwendo wake ulikuwa wa kusikitisha.

Mengine nilijifunza shambani. Usizibue nozeli, kile kitundu cha kutolea dawa, kwa mdomo, hata kama uko mbali na hakuna anayekuona. Punguza maji yaliyozuiwa na matuta ya jaruba, gugu lionekane, ndipo upige, halafu urudishe maji. Upepo ukiamka, wewe kalale. Magugu mengi niliyajua kwa sura upesi, lakini ndago ya majini ilinichukua muda. Siyo ile ndago yenye viazi ardhini ambayo kila mwenye shamba la mahindi anaijua. Hii inapenda tope, shina lake lina pembe tatu ukilisugua kati ya vidole, na kichwani ina kifundo cha vijimbegu vidogo kuliko ulezi. Inamaliza maisha yake upesi, imeshazaa wewe bado unajipanga kupalilia.

Dawa ilikuwa inaiua vizuri mno. Misimu ile ya mwanzo tulikuwa wafalme. Unapiga jaruba, unapita tena baada ya siku chache, ndago imelala njano na mpunga umesimama peke yake unang'aa. Wakulima walituita kwa majina ya sifa. Dawa ilikuwa moja, msimu hadi msimu, na hakuna aliyefikiria kuibadilisha. Kitu kinachokubali unakibadilisha cha nini?

Halafu ukaja ule msimu. Tulikuwa tumepiga majaruba ya Mama Tumaini, mkulima mjane aliyekuwa pia kiongozi wa wanawake wapandikizaji wa miche. Tulipokuwa jaruba la jirani tukamwona anakuja juu ya tuta, kanga ameifunga kiunoni, mkononi ana shada la ndago mbichi kama anakwenda kumpokea mgeni rasmi.

"Matimbwa," akasema, bila hata kumwita Mzee. "Hii ni nini?"

"Ndago."

"Najua ni ndago. Nauliza inafanya nini kwangu wakati wewe ulisema umeiua."

"Ipe siku, mama. Dawa inatembea."

"Nimeipa. Siku zote hizo imezitumia kunenepa."

Dulla akacheka. Mama Tumaini akamgeukia. "Wewe cheka. Kesho nitakuita uje uipalilie kwa meno." Kisha akarudi kwa Mzee. "Watu wanasema dawa yangu umeiuza Mang'ula, humu umenipigia maji ya mfereji."

"Watu gani?"

"Mimi ni wa kwanza. Nikutafutie wengine?"

Mzee alishusha bomba polepole, akafuta mikono kwenye suruali. Tulienda kuangalia. Magugu mengine yote yalikuwa yamekufa, hivyo mimi nilijua dawa ilipita pale. Lakini ndago ilisimama, kijani, imechangamka. Na ukimwambia mtu aliyepoteza msimu kwamba dawa imeua majani yale na kuacha haya, anaona unamfanya mtoto.

Kuanzia siku ile Mama Tumaini akaacha kumpa Mzee shikamoo. Alikuwa anampita na kusema "Habari," kama anavyomsalimia mwenye duka. Nyie mnajua kwetu hilo ni kofi. Wanawake wengine wakafuata. Mzee alikuwa akitoka kwenye salamu hizo akiwa mfupi zaidi.

Mkutano wa skimu ukaitwa. Malalamiko yalitoka kwenye mashamba kadhaa, yote ya ndago. Mwenyekiti alikuwa mtu wa haki, lakini mwenye masikio ya kusikia maneno ya watu. Akasema mpunga ukitoa masuke na hatujaleta maelezo, kikundi kitatoka kwenye skimu, na Mzee Matimbwa hatagusa bomba tena upande wowote wa mfereji. Mzee alikuwa mpiga dawa pale tangu mfereji ukiwa bado udongo mtupu. Aliposimama kusema neno, watu walikuwa wameshaanza kuvaa ndala zao.

Tulihangaika. Dulla akanitania kwa ule uchawi wa radi tunaosingiziwa sisi wa Sumbawanga, "Mfipa, ndugu zako Sumbawanga hawana radi ya kukodisha? Tuipige ndago kazi iishe."

"Radi haichagui," nikamjibu. "Itaanza na wewe uliyebeba chuma mgongoni."

Tukajaribu kuongeza dawa maradufu kwenye kona moja, Mama Tumaini mwenyewe akiwa ameruhusu. Andikeni hili mahali mtakapoliona kila siku: msifanye hivyo. Mpunga uligeuka njano, ndago ikabaki inatutazama. Mama Tumaini akaja, akapangusa jasho. "Sasa mmeniulia mtoto mmeniachia mwizi," akasema.

Tukaomba msaada kituo cha utafiti, akaja Dokta Neema kwa pikipiki, buti tayari miguuni. Alikuwa mtaalamu wa magugu, dada wa makamo mwenye sauti ya chini, na kitu cha kwanza alichofanya ni kuingia kwenye tope na kukaa humo muda mrefu kuliko sisi. Alipotoka akamwuliza Mzee ni dawa gani na tumeitumia misimu mingapi.

"Hiyo hiyo siku zote. Ilikuwa inafanya kazi."

"Nadhani ndipo tatizo lilipo, Mzee. Kwenye ndago nyingi, chache zinazaliwa ambazo dawa hii haiziwezi. Ninyi kila msimu mmeua zile zinazokufa, mkaacha zisizokufa zizae bila mshindani. Sasa shamba ni la watoto wao."

Mzee akafikiri. "Hayo ni maneno mazuri, Dokta. Mama Tumaini anataka kuona."

"Basi tumwoneshe. Lakini naweza kuwa nimekosea. Ikiwa ni dawa feki, au mlipiga vibaya, itaonekana mbele ya watu wote."

"Ikionekana nitakuwa nimeshafunga mizigo," Mzee akasema. Hakuwa anatania.

Jaribio lenyewe lilikuwa jepesi mpaka nikashangaa. Tulihitaji mbegu za ndago kutoka kwa Mama Tumaini, na mbegu za ndago kutoka mahali ambapo dawa haijawahi kufika. Nilitumwa mimi. Nilizunguka Mang'ula nikiulizia shamba lisilopigwa dawa kama mtu anayeulizia nyumba ya ukoo, mpaka nikaelekezwa kwa bibi mmoja chini ya mlima aliyeng'olea kwa mkono tangu usichana wake. Nilipomwamkia na kueleza shida yangu akanikazia macho.

"Watu wanakuja kuomba mbegu ya mpunga. Wewe umesafiri kuja kuomba ugonjwa?"

"Ndiyo, bibi."

"Chukua yote, mwanangu. Na mizizi ukitaka."

Tulikata madumu ya mafuta ya kula katikati, tukajaza udongo, tukapanda ndago. Safu moja ya Kiberege, safu moja ya Mang'ula, na mengine ya kila upande ambayo hayatapigwa dawa kabisa, ili tuwe na cha kulinganisha. Madumu yakapangwa mbele ya ofisi ya skimu, mahali ambapo kila anayepita lazima ayaone. Sijawahi kumwagilia kitu kwa mapenzi kama nilivyomwagilia yale magugu. Dulla alisema nimeanza kuyapa majina, na hakuwa mbali na ukweli.

Yalipofika urefu wa kupigwa, Mzee akaweka sharti ambalo hata Dokta hakulitegemea. Mama Tumaini ndiye anunue dawa hiyo hiyo, duka analolitaka yeye, na ndiye achanganye, na ndiye apige. Mama Tumaini akaenda mpaka Ifakara mjini. Akarudi na chupa, akaifungua mbele ya watu, akapima kwa kizibo, akajifunga bomba la Mzee mgongoni. Mzee alisimama kando, mikono nyuma.

"Punguza mwendo, mama," ikamtoka.

"Usinifundishe. Leo wewe ni mshtakiwa."

Watu wakacheka, Mzee pia, kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Siku zilizofuata ofisi ya skimu ilikuwa kama uwanja wa mpira. Watu walipita asubuhi wakienda shamba, wakapita tena wakirudi, wakainama, wakashika majani, wakabishana. Kuna waliowekeana soda. Mwanzoni hakukuwa na tofauti yoyote. Halafu asubuhi moja nikakuta ndago ya Mang'ula imepauka ncha. Kesho yake imelegea. Ya Kiberege imesimama. Dawa ni ile ile, mkono ni ule ule, bomba ni lile lile. Ya Mang'ula ikalala kabisa ikawa kama uzi uliolowa, na ile ya Kiberege ikatoa jani jipya.

Mama Tumaini alikuja akachuchumaa mbele ya madumu muda mrefu. Akang'oa ndago moja ya Kiberege, akalisugua shina lake, akainusa, kana kwamba ingemwambia siri. Kisha akanyanyuka, akageuka alikokuwa Mzee, watu wote wakisikia.

"Shikamoo, Mzee Matimbwa."

"Marahaba, mwanangu. Umepiga vizuri. Ila ulikuwa unakimbia."

Ningeweza kuishia hapo, na kikundi kilikuwa kimepona. Lakini Dokta Neema hakuridhika. Alitaka kujua ilivyosambaa upesi vile, shamba hadi shamba, na mimi nilikuwa nimeshaambukizwa hamu hiyo. Sikuweza kukaa. Nilizunguka matuta kutwa, mpaka siku moja nikapanda juu ya tuta la reli na kuangalia chini.

Ndago haikuwa imetapakaa. Ilikuwa madoa. Doa hapa, nafasi, doa pale, nafasi, mpaka mwisho wa jaruba, na jaruba linalofuata vivyo hivyo. Ukiwa chini ndani ya mpunga huwezi kuona. Nilipiga picha kwa simu, nikashuka nikikimbia, nikateleza, nikamfikia Dokta nikiwa tope mpaka shingoni. Alikuwa amekaa na Mama Tumaini kwenye kivuli cha ghala.

Dokta akaitazama ile picha, akaikuza, akaitazama tena. "Ingeletwa na maji, ingefuata mfereji," akasema. "Ingeletwa na ng'ombe, ingefuata njia yao. Hii inaruka. Mama, kuna kitu mnakirusha shambani?"

Mama Tumaini akachukua simu. "Miche," akasema. "Tunarusha miche."

Wote tunajua wanavyofanya. Miche inang'olewa kitaluni, inafungwa mafungu, na kabla ya kupandikiza yanarushwa ndani ya jaruba, moja hapa, lingine hatua kadhaa mbele, ili kila mwanamke akimaliza fungu akute lingine karibu. Akifungua, kamba anaiangusha hapo hapo miguuni.

"Mnafungia nini?" Dokta akauliza taratibu.

Mama Tumaini aliinama ukingoni mwa mfereji, akavunja ndago ndefu yenye kichwa kilichokomaa, akaizungusha kwenye vidole vyake kwa mkunjo aliokuwa amewafundisha wanawake wote wa skimu. Vijimbegu vikamwagika kiganjani. Akavitazama.

"Zamani tulifungia nyasi yoyote," akasema. "Lakini siku hizi hii ndiyo iliyobaki, ni ndefu, na haikatiki."

Kisha akaanza kucheka, cheko la mtu aliyepata msiba na kichekesho kwa pamoja, na sisi tukashindwa kujizuia. "Tumeipanda wenyewe," akasema. "Tena kwa mstari. Na tunavyolimiana kwa zamu, nimeibeba mpaka kwa mashemeji zangu."

Nimefanya kazi nyingi katika nchi hii na sijawahi kuona jambo likifunguka namna ile. Dawa ilichagua ndago ngumu, ndago ngumu ikawa kamba nzuri, kamba ikapelekwa kila shamba kwa mikono ya wachapakazi. Dokta alikuwa anatembea huku na huku akijisemea. Mimi nilitaka kurudi juu ya tuta la reli nikaangalie tena.

Mama Tumaini alisimama mkutanoni akaeleza yeye mwenyewe, na kuonesha mkunjo. Pakaamuliwa miche ifungwe kwa kamba za mgomba. Ndago ing'olewe kabla haijatoa kichwa, itolewe nje ya jaruba, isiachwe juu ya tuta. Maji yajazwe mapema, kwa sababu mbegu yake haipendi kuota chini ya maji. Dawa ipumzishwe, na itakapotumika iwe ya aina nyingine, kwa zamu.

Mwenyekiti akamwuliza Mzee kama kikundi kiko tayari kuendelea. Mzee akasema, "Kiko tayari. Lakini msimu ujao msiniite Kiberege na bomba. Niiteni nije na macho, nilione shamba kwanza."

Nyie mnajua maana yake. Mabomba mengi yakatundikwa. Kazi iliyobaki haikutosha mikono yote, na mimi mgongo wangu ulikuwa umeshaanza kutoa taarifa. Nilikaa bado misimu kadhaa, nikisukuma kipalizi cha magurudumu katikati ya mistari na kukagua vitalu, nikaona madoa yakipungua jaruba kwa jaruba, hayakuisha, yakapungua. Kisha ile hali yangu ya zamani ikarudi. Nikaanza kuuliza madereva wa malori barabara ya Songea ikoje siku hizi.

Siku niliyoondoka, Mzee Matimbwa alinisindikiza mpaka barabarani Kiberege kungoja basi. Alikataa nibebe begi mwenyewe. Alikuwa amejiandaa kusema jambo, nilimwona analipanga, alishakohoa mara mbili, na mimi nilikuwa najiandaa kulisikia bila kuaibika. Akaja mtu kwa baiskeli, tope mpaka magotini, simjui, wala yeye hatujui.

"Samahani wazee. Namtafuta Mzee Matimbwa."

"Wa nini?" Mzee akauliza.

"Nina dawa nimenunua, sijafungua. Nimeambiwa huku nisiifungue mpaka yeye aone shamba."

"Shamba liko mbali?"

"Ng'ambo ya mto."

"Ndago ina kichwa au bado?"

"Inaanza, mzee."

"Basi tumechelewa," Mzee akasema. Akaniwekea begi miguuni, akanishika mkono, "Haya, Mfipa, safari njema," na alikuwa ameshapanda kwenye keria. Lile alilotaka kuniambia alikwenda nalo. Yule bwana alikanyaga pedeli, baiskeli ikayumba, ikakaa sawa, nikamsikia Mzee akimwuliza kuhusu maji ya jaruba mpaka sauti ikapotea.

Basi lilipofika walikuwa wameshakata kona, na mimi bado nilikuwa nimesimama nikitazama upande ule. Konda akaniuliza kama nasafiri au nasindikiza. Nikapanda.